Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Mwaka ule wa njaa, mahindi ya manjano yalipoletwa kwa magunia ya msaada, Kaberia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa mwalimu wake katika shule ya misheni, juu kidogo ya Nkubu. Mvua za Machi hazikuja, migomba ikainama, na vumbi likaingia hata ndani ya vitabu vya nyimbo. Kila Alhamisi Landrova ya padre ilipanda kilima ikiwa imejaa magunia. Wanafunzi wengine waliyakimbilia mahindi. Kaberia alilikimbilia gari. Alhamisi moja alimwendea padre, Mwitaliano mrefu ambaye hata sisi walimu tulimwogopa, akamwambia kwamba gurudumu la mbele linasaga meno. Padre alicheka sana. Jioni mafundi walipolifungua, walikuta beringi imevunjika vipande vipande. Tangu siku hiyo Kaberia aliruhusiwa kuingia gereji ya misheni baada ya masomo, na padre hakumwita tena kwa jina, alimwita Daktari. Ulikuwa mwaka wa taabu, lakini nikiukumbuka, moyo wangu hulainika.

Alipokuwa mtu mzima alifungua gereji yake nyuma ya soko la Nkubu, na kwa miaka karibu thelathini watu walimletea magari yaliyowashinda wengine. Walikuja kutoka Mikinduri, Chuka, hata Embu mjini. Kazi yake ilikuwa na utaratibu mmoja ambao sikuwahi kuuona kwa fundi mwingine. Hakuuliza gari lina ugonjwa gani. Aliuliza, "Ulikuwa umekaa wapi ulipoisikia hiyo kelele?" Kisha alikwenda kukaa mahali hapo hapo, akamwachia mwenyewe aendeshe, akafumba macho. Aliwahi kuketi juu ya tangi la maji la lori. Aliwahi kujikunja sakafuni mwa gari la harusi, kwa sababu aliyeisikia kelele alikuwa mtoto aliyelala miguuni mwa mama yake. Akirudi, alikuwa amekwisha kujua.

Alimwoa Lorna, Mmbeere kutoka upande wa Ishiara, wakapata binti, Carol. Mama yake Lorna aliitwa Jedidah, mjane mnene mwenye sauti nzito, mtu wa kanisa tangu ujana. Kaberia alilelewa na nyanya yake, na heshima ya mkwe aliishika kama ilivyokuwa zamani. Hakumpa mama mkwe mkono. Hakula mbele yake. Hakusema naye uso kwa uso, wala hakukalia mahali mama huyo alipozoea kukaa. Vijana wa siku hizi hukumbatiana na mama wakwe zao na kupiga picha. Kaberia hakuwacheka, aliendelea tu na yake, na Jedidah alimpenda kwa sababu hiyo. Misheni ilitufundisha mengi, lakini jambo hilo haikuligusa.

Landrova iliyoleta msiba ilikuwa ya Ireri, ndugu yake Lorna. Ilikuwa imemzidi Ireri kwa umri. Nyuma ilikuwa na mabenchi mawili ya chuma yaliyotazamana, moja juu ya kila tairi. Kila mwezi Ireri alimpandisha mama yake kutoka Ishiara hadi kliniki ya magoti Nkubu, na mama hakukubali kukaa mbele, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mguu. Alikaa nyuma, benchi la kushoto.

Yale yaliyotokea gereji nilisimuliwa na Lorna, na Lorna si mtu wa kuongeza chumvi.

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka 2023 Ireri alifika peke yake. "Shemeji, mama anasema kuna mtu anabisha hodi chini yake."

"Wewe umeisikia?"

"Mimi nasikia injini tu. Injini na mama."

"Yeye huwa anakaa wapi?"

"Pale pake, juu ya tairi. Amefunga blanketi lake kwa kamba. Hata mbuzi nikibeba hawathubutu kulikanyaga."

Kaberia aliliinua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ekseli na mpini wake sikioni. Akaliendesha hadi Mitunguu na kurudi. Hakusikia kitu.

Mwisho wa mwezi Jedidah alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kibanda ambamo Lorna huuza ndizi, hatua tano kutoka gereji. Kaberia alisimama ameupa mlango wa kibanda ubavu, macho yake kwenye jeki, na Lorna akawa katikati.

"Mama Carol, muulize mama inabisha barabara ikiwa mbaya?"

Jedidah alisikia kila neno, lakini alingoja binti yake arudie.

"Mwambie baba Carol barabara mbaya si kitu. Inabisha tukiteremka, na kona ikienda mkono wa kulia. Inabisha kama mgeni ambaye hana hakika kama wenyewe wako."

"Muulize, inabisha mara ngapi?"

"Mwambie sikuhesabu. Nilikuwa nasali."

Ireri aliangua kicheko. "Mama, basi hiyo si kelele, ni malaika."

"Malaika habishi hodi," akasema Jedidah. "Na wewe ungeendesha polepole kidogo, hata malaika angepata nafasi ya kuketi."

Lorna alichoka. "Jamani, mko hatua tano na mimi nimekuwa simu yenu! Baba Carol, si wewe hukaa mahali mtu alipokaa? Panda nyuma, ukae pale. Ireri aendeshe, mama abaki hapa anywe chai. Kona moja tu, mmerudi."

 Lile blanketi lilikuwa pale kwenye benchi, la bluu, katikati limebonyea kwa kukaliwa. Jedidah aligeuza uso akatazama barabara. Angeweza kusema, "Mwambie apande," lakini hakusema, kwa maana kumwambia mkwe hivyo kungekuwa kumvunjia heshima. Na Kaberia hangeweza kuomba, kwa sababu hiyo hiyo.

"Lifungue basi hilo blanketi uliweke kando," Lorna alimwambia kaka yake.

"Kuondoa blanketi si kuondoa kiti," Kaberia alisema kwa sauti ya chini. "Acheni. Nitapakia magunia badala ya mtu."

Alipakia magunia manne ya mchanga. Aliyapanga katikati ya gari, sawasawa kulia na kushoto, kama apangavyo kila mtu mwenye huruma na springi. Akaendesha mwenyewe mpaka mteremkoni, mara mbili, asisikie chochote. Akabadilisha bushi za mpira za springi za nyuma, akakaza boliti zote, akanawa mikono.

"Mama Carol, mwambie mama nimetazama. Gari liko salama."

"Mwambie baba Carol ahsante sana," Jedidah akajibu. "Lakini nilichosikia, nilikisikia."

Wiki tatu baadaye, mvua za Novemba zikiwa kali, Ireri alikuwa akimrudisha mama yake nyumbani kutoka kliniki. Waliteremka ng'ambo ya Mitunguu, na kwenye kona ya kulia sehemu ya nyuma ya gari iliketi ghafla upande mmoja. Gurudumu lilijipinda, usukani ukamshinda, Landrova ikaingia korongoni kwa ubavu wa kushoto. Ireri alivunjika mfupa wa bega. Jedidah alikufa kabla ya kutolewa.

Watu waliofika kwanza walisema dereva alikuwa anakimbiza gari. Polisi wakaandika hivyo. Ireri alishtakiwa kwa kusababisha kifo, na hakujitetea; alisema pengine ni kweli alikuwa anakimbia. Siku ya mazishi mjomba wake, Ndambiri, alisimama kando ya kaburi akasema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kumwona mwana aliyemzika mama yake kwa mikono yake mwenyewe mara mbili, kwanza korongoni, sasa hapa. Ireri, mkono ukiwa umefungwa shingoni, alibaki akitazama udongo. Kaberia alikuwa nyuma kabisa, mahali pa wakwe.

Jumatatu yake alimwomba Lorna waende pamoja mahali gari lilipowekwa baada ya kuvutwa. Lilikuwa limesimamishwa juu ya magogo. Alilala chini yake muda mrefu. Kile chuma kinachoshika springi ya kushoto kwenye chasisi kilikuwa kimekatika, na alipokitoa alimwonyesha Lorna mkato wake: nusu yake iling'aa, nusu ilikuwa nyekundu kwa kutu. Kutu ile ilikuwa ya miezi. Ufa ulikuwa upande wa juu, umefichwa na benchi lenyewe, nao ulifunuka tu mzigo ukikaa ukingoni na gari likipinda kulia. Mchanga wa katikati haukuufungua hata mara moja.

"Ningekaa dakika mbili," alimwambia Lorna.

"Hata mama hakutaka ukae," Lorna akasema. "Sote tulinyamaza."

"Mama hakuwa fundi."

Kwa siku kadhaa hakufungua gereji. Watu walileta magari, akawaambia masikio yake yanauma, wakaenda kwingine. Nilimtembelea nikamkuta ameketi jikoni, kile chuma kikiwa mezani mbele yake, juu ya gazeti. Tulizungumza habari za mvua.  Aliponisindikiza mlangoni alisema tu kwamba Ireri hatalala ndani kwa kosa la mtu mwingine.

Alhamisi, tarehe kumi na nne Desemba, alimuaga Lorna akisema atapitia kituo cha polisi, kisha ateremke Ishiara akaseme na mzee Ndambiri. Hakufika kwa Ndambiri. Simu yake haijashika tangu siku hiyo. Lorna amemtafuta Isiolo, Embu na Thika, na Carol amebandika picha yake kwenye vituo vya magari. Mashtaka ya Ireri yaliondolewa mwezi wa Machi uliofuata.

Askari aliyempokea kituoni asubuhi ile ya Desemba alinieleza walivyozungumza. Alimwuliza kama ndiye aliyekuwa dereva. Kaberia akasema hapana. Akamwuliza kama alikuwa ndani ya gari.

"Hapana," Kaberia akasema. "Hilo ndilo kosa. Liandike."

Askari aliandika ukurasa mmoja na nusu. Kaberia aliusoma wote polepole, akatia sahihi saa tano na dakika kumi, akaandika namba yake ya kitambulisho, akakiacha kile chuma juu ya meza, na kutoka.