Tanzanaiti Ndani ya Ndoo ya Mchele

Ndugu zangu, mimi mhitimu wa masomo ya jioni niliaminiwa na bosi wangu, muuza vito wa Kariakoo, nimtunzie nyumbani mawe saba ya tanzanaiti yasiyochongwa. Kwa akili zangu za kutosha mtaa mzima, nikayafukia kwenye ndoo ya mchele. Mwizi gani angewaza hapo?

Bosi alipoyafuata, nikazamisha mkono hadi kwapani. Mchele mtupu! Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mama mkwe, mgeni wetu tangu jana, akatokea jikoni na ungo.

“Baba, wanakuuzia mchele mbovu! Nimechambua mawe saba, nimeyatupa uani.”

Bosi, na kitambi chake chote, akapiga magoti mchangani.

“Shikamoo mama. Uliyatupia upande gani?”