Udongo wa Wajomba

Ruksa ya kufanya biashara binafsi ilipokuja, kila mwenye televisheni mtaani kwetu Kihonda alifungua kibanda cha video, na mjomba wangu naye hakubaki nyuma. Kila Jumapili alirudia mkanda mmoja wa rais wa nchi ya mbali akipigwa risasi ndani ya gari la wazi, kisha akausimamisha ili atuhubirie.

“Huyu hakufa,” alisema. “Nani aliwaona wajomba zake wakimtupia udongo? Maiti gani hiyo? Wamemficha tu.”

Kibanda kizima kilikubali, maana kwetu Waluguru mtu ni wa wajomba zake, akizaliwa na akizikwa. Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne nilishangilia upuuzi ule kuliko wote.

Mama, dada yake mjomba, alikuwa akiuza maandazi mlangoni. Kaka yangu alikuwa amefia Kisaki kwenye kazi ya reli, wenzake wakamzika kabla taarifa haijatufikia, bila udongo wa mjomba. Mama akaingia na beseni lake, akauliza taratibu:

“Kaka, kumbe na mwanangu yupo?”

Mjomba akazima televisheni. Kwenye kioo cheusi nilijiona, meno yangu bado yako nje.