Tumbili Madume Hawaingii kwa Kabula

Umande bado uko kwenye mahindi, na Kabula Nyanda ameshaketi pembezoni mwa shamba lake, Nkoma wilayani Itilima. Ana kombeo mkononi. Koti la kiume alilovaa linamfika magotini.

Tumbili wanashuka kutoka mlimani. Majike wanatangulia, watoto wamewang'ang'ania tumboni. Wanakwanyua mahindi ya pembeni, wanajaza mashavu, na kumsogelea Kabula bila wasiwasi.

"Jike ana mtoto, hataki kwenda mbali na miti," anasema. "Dume ndiye mharibifu. Anaingia katikati kwenye mahindi mazuri, anauma mara moja, anatupa, anachukua jingine."

Huku kila mtu anajua kuwa tumbili humkimbia mwanamume na kumdharau mwanamke. Ndiyo maana mumewe, Masunga, alipofariki wakati wa palizi, Kabula alivaa koti lake. Tumbili hawakudanganyika.

"Walinikagua kama mafundi cherehani, wakaendelea kula."

Katikati, hata hivyo, hawakugusa. Madume walifika karibu na kisiki alichozoea kukalia Masunga, wakasimama, wakatazama usawa wa uso wa mtu aliyeketi, kisha wakatimka. Ikawa hivyo msimu mzima. Ya pembeni yakaliwa. Ya katikati, chakula pekee kilichobaki kwa wanawe, yakakomaa salama.

Kabula aliogopa, na haoni aibu kulisema. Baadaye woga ukageuka faraja. Mahindi yakakauka, naye hakuvuna.

Jirani yake, Mashimba, hakatizi tena shambani humo. Anasimama barabarani.

"Mwangaluka, mayu," anamsalimu mama huyo kwa Kisukuma. "Mahindi yamekauka. Masunga unamweka wa nini?"

Kabula anainamisha kichwa. "Nikivuna, ataenda wapi?"

Mashimba anaondoka.

Muda si mrefu dume mkubwa anaingia katikati. Anafika kwenye kisiki, anatazama. Safari hii hakimbii. Anapanda juu yake, anaketi, anamenya hindi, anauma mara moja, anatupa.

Kombeo linabaki mapajani mwa Kabula. Machozi yanamtoka naye hayafuti. Dume anachukua hindi la pili, na la tatu, kabla mwanamke huyo hajainuka.

"Masunga amechoka kunisubiri," anasema.

Anavua koti, analikunja.

"Leo navuna, naanzia pale pale. Mwakani nitalima nusu tu. Nusu nitaiweza peke yangu."