Ukuta wa Wateja wa Asiya

Saa saba mchana, mtaa wa Buyenzi. Asiya, muuza chakula, anapakua maharagwe na ndagala, visamaki vidogo vya kukaanga, huku moshi ukimwingia machoni. Salvator, fundi baiskeli anayekula hapa karibu kila siku, anaonja, anakunja uso.

"We mama Asiya, chumvi inauzwaga bei gani siku hizi?"

"Andika kwa ukuta, baba. Mi sina masikio ya chumvi."

Salvator anacheka, anaokota kipande cha makaa na kuandika: "Ndagala tamu. Maharagwe hayana chumvi. Salvator wa Mutakura."

Mchezo huo ulianzishwa na Massoudi, mume wa Asiya, alipoandika kwa utani tu: "Chumvi, mke wangu!" Vita vilipowatawanya watu, wateja wakaanza kuongeza majina yao na mitaa waliyotoka. Iwe sifa au lawama, kila neno likawa habari kwamba aliyeliandika bado anakula, bado yu hai.

Odette, mshona nguo, alimpata kaka yake hivyo. "Nilisoma, 'Ndizi zimeungua, Térence.' Nililia, nikacheka. Kulalamika vile, ni yeye tu!"

Massoudi alikwenda Mutakura mwaka 1995 kuchukua vifaa vyake vya kuchomelea vyuma. Hajarudi. Huu ni mwaka wa saba, na hakuna swala ambamo Asiya hamtaji. Chumvi ya maharagwe hajaiongeza.

"Nikiweka, atarudi alalamikie nini?"

Lakini ukuta umejaa, maneno yamepandana. Juzi mama mmoja alipapasa kwa kidole akitafuta jina la mwanawe, akaondoka bila kusoma kitu. Asiya alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, kisha akamwita mwenye nyumba.

Alasiri hii mwenye nyumba, Mzee Moubarak, amefika na ndoo ya chokaa. Anapaka taratibu hadi kwenye maandishi ya Massoudi. Hapo brashi inasimama.

"Hii niiache, binti yangu?"

Asiya anafuta mikono kwenye kitenge chake. Anayatazama maneno yale, midomo ikicheza bila sauti.

"Apana, baba. Paka yote. Akirudi, atataka nafasi ya kuandika."

Chokaa ikiwa bado mbichi, anaweka makaa mapya dirishani, kisha anaonja maharagwe ya jioni. Chumvi haijatosha. Anayaepua hivyo hivyo.