Macho Chini ya Kofia

Babu alipofariki, picha yake ilikuwa moja tu. Alipigwa nje ya kanisa pale Tawa saa sita mchana, suti imenyooka, kofia ya ukingo mpana kichwani. Jua lilikuwa utosini. Kidevu kinaonekana, masharubu yanaonekana, lakini kuanzia puani kwenda juu ni giza tupu. Aliyetuchapishia kijitabu cha programu ya mazishi alijaribu kumwangaza kwa kompyuta. Alimwangaza mpaka ngozi ikawa ya kijivu, na macho yakawa macho tusiyoyajua.

Siku ya mazishi nilikaa karibu na nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita susu. Mbele yetu mama mmoja wa kwaya alifungua programu akamwinamia mwenzake.

"Huyu ni nani? Si tumekuja kumzika mzee?"

Susu alisikia. Alingoja wageni waondoke na viti vipangwe.

"Mimi sitazikwa na uso wa mtu mwingine," akaniambia. "Wewe si una kamera? Utanipiga nikiwa hai, na macho yangu yaonekane."

Mimi ni mwandishi, lakini kinachonilisha ni kupiga picha za harusi na mahafali. Nilimwahidi Jumapili ya kwanza nitakayokuwa huru. Ilikuja baada ya miezi minne, nikitoka kwenye harusi ya Jumamosi kule Migwani.

Huku kwetu picha hupigwa baada ya ibada, kabla ya chakula, nguo zikiwa bado safi. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Tulipokuwa wadogo kule Matinyani, mpiga picha alikuwa akitupanga mstari na kupaza sauti, "Angalieni jua!" Ndiyo maana albamu zetu zimejaa watu waliokunja nyuso kama wameuma limau. Anayetaka kuepuka hilo huvaa kofia, na kofia humla macho.

Jumapili hiyo Susu alirudi kutoka kanisani amevaa sare ya akina mama, kitambaa cheupe kimefungwa vizuri kichwani. Alikwenda mwenyewe mbele ya nyumba, akaunganisha miguu, akalikabili jua na kukaza macho.

"Geuka, Susu. Lipe jua mgongo."

"Nani amewahi kupigwa picha akiwa amelipa jua mgongo? Nitatokea mweusi kama chungu cha kupikia isyo."

"Nitakumulika kwa flashi."

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi akichagua ndengu kwenye ungo. "Tumemsomesha huyu," akasema, "mpaka amejua kuwasha taa saa saba mchana."

Wakacheka wote wawili, na Susu akageuka. Nikapiga.

Nikatazama skrini. Nusu ya uso wake ilikuwa imewaka vizuri, hadi mikunjo ya shavu. Nusu ya pili ilikuwa giza, jicho na yote, kana kwamba mtu ameegemeza mlango pale. Susu alikuwa tayari amenyoosha mkono. Aliishika kamera akaitazama kwa muda mrefu.

"Hata wewe," akasema.

Akanirudishia, akaanza kwenda mlangoni huku akifungua kitambaa.

"Mama, ngoja," mama yangu akamwambia. "Hata chapati zako ile ya kwanza huungua."

"Zangu? Taja siku moja!"

"Krismasi."

"Krismasi kuni zilikuwa mbichi."

Lakini alisimama, akaanza kukifunga tena kitambaa. Nami nikapata nafasi ya kuliona kosa langu. Jana yake kule Migwani nilipiga bila flashi, spidi ya shata ikiwa juu sana kwa sababu ya jua, na sikuirudisha chini. Ndani ya kamera kuna mapazia mawili yanayofuatana. Ukiyakimbiza mno, la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na mwanga wa flashi, ambao ni kufumba na kufumbua, hukuta upande mmoja tu ukiwa wazi. Nilijua hayo. Nimewahi kumweleza mtu mwingine hayo hayo kwa majivuno.

Nikashusha spidi hadi moja juu ya mia mbili ya sekunde. Mbingu ikawa nyeupe. Nikafinya tundu la lenzi mpaka namba kumi na moja, rangi ya mbingu ikarudi, lakini tundu dogo hunyima flashi pia, kwa hiyo nikaipa nguvu zote na kusogea hadi hatua mbili kutoka kwake.

Sasa ikawa zamu yake kukosea. Flashi yenye nguvu zote huchelewa kujaa, na kila ilipochelewa Susu aliuliza, "Tayari?" kisha akajiandaa kwa kufumba macho. Picha tano, macho yamefumbwa kama yuko kwenye maombi. Mama akaweka ungo chini.

"Mama, ni kweli zile ndengu za kona ya shamba ulizipanda kabla ya mvua?"

"Nani amekwambia?" Susu akamgeuzia macho makali, na nikapiga.

Hiyo ilikuwa picha. Kila kunjo la kitambaa lilionekana, jua lilimchorea mstari mwembamba mabegani, na macho yote mawili yalikuwapo. Aliitazama, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Nikadhani ameenda kutazama chai, nikaanza kufungua flashi.

Alitoka na kofia ya babu. Akaivaa juu ya kitambaa.

"Mama! Kofia ya mzee?"

"Nataka kuona kama ile taa inaingia humu chini."

Nikairudisha flashi, nikapiga goti moja ili mwanga upite chini ya ukingo. Nilipiga mara mbili. Ya kwanza alifumba. Kwenye ya pili macho yalikuwa pale kivulini, na ule mduara wa kijivu wa uzee, kila moja na nukta ya mwanga ndani yake.

Aliisogeza kamera karibu, kisha akaipeleka mbali.

"Kumbe yangeonekana," akasema.

Hakutuambia sisi. Mama alirudi kwenye ndengu zake.

Baadaye, tukinywa chai, Susu akatoa uamuzi: ile ya kofia ndiyo itakayotumika.

"Kwenye programu?" mama akauliza. "Na kofia ya mwanamume? Kanisa litasemaje?"

"Waseme. Si wataniona macho?"

Niliichapisha Kitui mjini siku mbili baadaye. Kijana wa kompyuta aliikuza, akaugusa uso kwa kishale.

"Nimwangaze kidogo hapa chini ya kofia?"

"Usiguse," nikamwambia, na nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka karatasi ikatoka.