Alhamisi Tulipofungua Ukuta

Kundi letu la kusoma Biblia lilikutana kila Alhamisi alasiri katika saloni, yaani sebule, ya muzee mmoja aliyekuwa seremala kabla macho yake hayajachoka. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya msingi wa mawe ya volkano kama nyumba nyingi za mtaa wetu wa Goma, na alikuwa ameipaka rangi ya buluu kwa mikono yake mwenyewe. Tulikuwa wachache. Vita ilipoingia mjini wengine walikimbilia ng'ambo ya mpaka, na bado hawakuwa wamerudi. Mimi nilikuwa nauza vitenge katika soko la Birere. Siku hiyo ya wiki nilifunga meza mapema, nikadandia moto, zile pikipiki za abiria, nikafika kwa muzee na vumbi usoni. Nilizipenda Alhamisi kuliko Jumapili. Jumapili tulisikiliza tu, Alhamisi tulibishana.

Aliyetuongoza alikuwa mama kijana, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na mazoea yaliyotuchosha wengine. Kila tukimaliza kusoma alituuliza andiko hilo linataka tufanye nini kabla hatujakutana tena. Sisi tulijibu yale tuliyozoea kujibu, kwamba tuombe zaidi, tupendane zaidi, halafu tukanywa chai.

Alhamisi moja tulisoma Marko, sura ya pili, habari za mtu asiyeweza kutembea, aliyebebwa na watu wanne hadi nyumba alimokuwa Yesu. Umati ulikuwa umeziba mlango, basi wakapanda juu, wakafungua paa, wakamteremsha na kitanda chake. Muzee alikuwa wa kwanza kusema. Alitaka kujua ni nani aliyelitengeneza lile paa baadaye, maana Marko hasemi neno juu ya mwenye nyumba. Tulicheka sana, na yeye akacheka. Kisha mwalimu akauliza swali lake la kila wiki, na sijui kwa nini siku hiyo sikujibu kwa mazoea. Nilimtaja mama wa kwaya.

Huyo mama alitoka milima ya Masisi zamani, akaimbisha kina mama wa kanisa letu kwa miaka mingi. Msimu wa mvua uliopita aliteleza juu ya mawe karibu na nyumba yake, bidoni ya maji mgongoni, nyonga ikavunjika. Tangu hapo alikuwa amelala. Tulimpelekea salamu, sabuni na maombi. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba tumlete. Nilipoyatamka hayo, mwalimu aliniambia kesho tupande kwake, na muzee akasema naye atabeba.

Kesho yake mwalimu na mimi tulipanda kwake. Njia ya huko ni mawe matupu, meusi, yenye makali. Gari haifiki, na juu ya moto asingeweza kukaa. Tulimkuta karibu na dirisha, amejifunika kitenge cha kwaya. Tulimweleza mpango wetu, akatutazama kama watoto waliokosa adabu.

"Mutanibeba na nini?" akauliza. "Miye siko gunia ya makala."

Jirani yake alikuwa nje anapaka mafuta magurudumu ya chukudu yake, ile baiskeli ndefu ya mbao isiyo na pedali, inayosukumwa kwa mguu na kubeba mizigo ya mji mzima. Ni baba Mwislamu, papa kama tunavyoita sisi, familia yake ilitoka Maniema, na kuta za mbao hazifichi mazungumzo. Alikuja mlangoni, akaomba radhi kwa kusikiliza, akasema chukudu yake inabeba makala, yaani mkaa, kila siku na mama ni mwepesi kuliko makala. Mama wa kwaya alijaribu kukasirika, akashindwa. Papa alitaka asimuliwe habari ya Marko iliyotuleta, basi mwalimu akamsimulia pale pale mlangoni. Aliuliza wabebaji walikuwa wangapi. Mwalimu akamjibu kwamba walikuwa wanne, na kwamba sisi tulikuwa wawili, watatu pamoja na muzee.

"Basi munakosa mutu wa ine," alisema. "Miye nitakuya."

Wiki hiyo sikuwa na akili ya kuuza. Nilipima kitenge nikasahau nilikofika, nikaanza tena.

Alhamisi ilipofika, papa alikuwa amefunga ubao mpana juu ya chukudu na godoro juu ya ubao. Tulimhamisha mama akiwa amenyooka, maana nyonga haikukubali kukunjwa, tukamfunga kwa vitenge viwili vya meza yangu. Muzee alitangulia na fimbo yake, akiyagonga mawe na kututajia kama utingo wa lori. Papa alishika usukani, mwalimu na mimi tulivuta kwa nyuma ili chukudu isitukimbie kwenye mteremko. Watu walitoka nyumbani kutazama. Mwanzoni mama alikuwa amefumba macho. Tulipofika kwenye tambarare aliyafumbua, akaanza kuwasalimia wa kulia na wa kushoto, na watu wakamwitikia kwa furaha, wengine wakishika pembe za godoro kwa hatua chache. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na mikono inaniuma.

Tulipofika kwa muzee, mvua ikaanza. Tulifungua ubao kutoka kwenye chukudu, tukauinua wanne, tukapanda ngazi za baraza. Pale tukakwama. Baraza ilikuwa fupi, mlango mwembamba, na ubao haukuweza kupinda kona. Tulijaribu kutanguliza kichwa, tukajaribu kutanguliza miguu. Mama alisema kwa upole tumrudishe tu, ameshafurahi. Mvua ilikuwa inazidi.

Muzee alituambia tumshushe barazani chini ya bati. Aliingia ndani, akatoka na nyundo. Alipapasa ukuta wa buluu wa saloni kwa vidole mpaka akapata misumari, akaanza kuing'oa. Mke wake alitokea kutoka jikoni, akasimama, akaangalia ukuta wake, akaangalia godoro. Kisha akaanza kupokea mbao na kuzipanga pembeni. Papa alishika upande wa pili akavuta kwa mikono mitupu. Katika muda mfupi kulikuwa na tundu pana kama mlango wa gereji, na mama wa kwaya akaingia saloni kupitia ukutani.

Tulitaka kuanza somo jipya. Yeye akakataa, akaomba tumsomee lile lile. Mwalimu akasoma. Alipofika mahali Yesu alipowatazama, mama aliinua mkono ili mwalimu aishie hapo.

"Aliona imani yao," alisema. "Yao, bale benye kubeba. Miye tangu nianguke sijaweza kuomba, hata neno moja. Nilikuwa nasikia haya kuwaambia. Leo nimeingia kwa imani yenu."

Nilikuwa nimesoma mistari ile tangu utoto, na sikuwahi kukiona kineno hicho. Mwalimu aliweka Biblia magotini. Muzee alikuwa anafuta miwani. Papa, aliyekuwa amekaa karibu na tundu akiangalia chukudu yake isilowe, alisema polepole kwamba hayo ni maneno mazuri. Kisha mama alianzisha wimbo kwa sauti iliyokwaruza, na kwa sababu ukuta haukuwepo, majirani wawili watatu waliokuwa wamejikinga mvua ng'ambo ya njia walivuka wakaingia.

Hakuamka akatembea siku hiyo. Baada ya miezi alianza kusimama kwa mikongojo, na hadi leo anachechemea. Lakini alianza tena kuomba, kwanza pamoja nasi, kisha peke yake. Lile tundu muzee aliliwekea mlango wa mabawa mawili, akisimamia msumari kwa msumari huku kijana wake akipiga nyundo. Kila Alhamisi papa alimleta mama, na mara nyingi alibaki, akauliza maswali yaliyomfanya mwalimu arudi nyumbani kusoma.

Ijumaa ile, kesho yake baada ya kumbeba mama, mabega yalinikataa kuinua mzigo. Mwanamke aliyekuja kununua alinikuta nimekaa, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza habari yote, yeye amesimama na kitenge mkononi. Nilipomaliza hakuuliza bei. Alitaka kujua hiyo saloni iko mtaa gani, na tunaanza saa ngapi.