Mkono ni wa mume wangu, jina ni la kaka yangu

Wasomaji wa ukurasa huu, nimeomba jina langu lifichwe maana hapa mtaani Oli watu wana midomo. Nina miaka thelathini na moja na watoto watatu. Kwetu ni kijiji cha Ajia. Mume wangu ni wa Koboko, walikotoka askari wengi wa serikali iliyoanguka, na baba yake alikuwa mmoja wao.

Tuliporudi kutoka ukimbizini Sudan, kila alikoomba kazi walisikia jina la baba yake wakamfukuza. Wazo lilikuwa langu, nakiri. Nilikwenda kwa kaka yangu, mwalimu, nikaazima cheti chake cha shule. Mume wangu akaandikwa kwa jina hilo kwenye kiwanda cha mbao. Miaka minne kazini wanamwita Yosefu, jioni anakwenda msikitini, nasi tunacheka!

Mwezi uliopita msumeno ulimkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Kifuniko cha msumeno huo kilivunjika zamani, na alishalalamika. Tukaenda kwa afisa wa kazi kudai fidia. Mwenye kiwanda, aliyeitwa naye, akadakia, "Huyu hapana Yosefu. Nasikia iko mutu ya Koboko."

Afisa akafunga kitabu. "Sheria inalipa ile jina iko hapa. Sasa hii mukono ni ya nani? Wewe mama, unajua yeye. Ijumaa kuja kuapa."

Sheria gani hii, inaona jina haioni damu? Msumeno haukumuuliza mtu jina. Wapo wanaosema sheria hii itarekebishwa; waje kwanza wamfungue mume wangu bandeji.

Kaka yangu amekuja akilia. "Dada, ukisema kweli, kazi yangu ya ualimu imekwisha. Watoto yangu iko nne." Mume wangu yeye ananiambia tu, "Mama Zaituni, sema vile roho yako inataka." Afadhali angenigombeza.

Ijumaa nitashika Biblia niulizwe, huyu mwanaume ni nani yako? Nikisema ni mume wangu, vidole vyake vimekwenda bure na kaka anafukuzwa shuleni. Nikisema ni kaka yangu, atalipwa, lakini nitakuwa nimemkana baba wa watoto wangu kwa kiapo, naye amekaa hapo hapo ananisikia. Ndugu zangu, nishaurini, zimebaki siku tatu. Nijibu nini?